Gitaa la Besi na Mikisa: Namna ya Kupanga Kiwango cha Ishara

Siku ya mahafali katika shule moja ya sekondari mjini Iringa, mgeni rasmi alikuwa amekwisha maliza hotuba yake, na bendi ya wanafunzi ikapanda jukwaani. Mpiga gitaa la besi, kijana wa Kidato cha Tano, alipogusa uzi wa kwanza, spika kubwa mbili zilizokodiwa zilitoa sauti iliyopasuka, mithili ya debe linaloburutwa juu ya kokoto. Fundi mitambo akashusha sauti ya besi. Sauti ikawa ndogo, lakini ikabaki imepasuka. Akamwashiria kijana apunguze amplifaya yake. Kijana akapunguza, na kilichobadilika ni sauti ya pale jukwaani tu. Fundi alipoona kwamba wazazi waliokaa nyuma hawaisikii besi, akapandisha mitambo yote. Kabla ya wimbo wa pili kwisha, harufu ya kitu kilichoungua ilisikika, na spika moja ikanyamaza.

Lawama zote zilimwangukia kijana. Aliambiwa kwamba alifungulia amplifaya yake kupita kiasi, na kwamba mzazi wake angelipa gharama ya spika. Wiki iliyofuata niliombwa nikavitazame vyombo vile. Kijana alinifuata hadi chumba cha stoo.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi nilipunguza, na watu wote waliniona."

"Marahaba. Naamini ulipunguza. Swali ni hili: ulipunguza nini?"

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo. Jibu lake halihitaji elimu kubwa kuliko fizikia ya sekondari: volti, ukinzani, mawimbi, na logarithimu kidogo. Tutaona kwamba ishara ya gitaa hupita katika vituo kadhaa kabla ya kumfikia msikilizaji, na kwamba kosa lililofanyika katika kituo cha mwanzo haliwezi kusahihishwa katika kituo cha mbele. Wakazi wa vijiji vya Nyanda za Juu wenye maji ya mserejeko wanalijua jambo hili vizuri. Maji yakichafuliwa kwenye chanzo, kufunga bomba nusu hakuyasafishi. Unapata maji machache, lakini ni yale yale machafu.

Kwa nini besi ipelekwe kwenye mikisa?

Iringa si ngeni kwa muziki wa magitaa ya umeme. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha kukata almasi cha Tancut kilikuwa na bendi yake hapa mjini, Tancut Almasi Orchestra, iliyojulikana nchini kote. Katika kumbi nyingi za enzi hizo gitaa la besi lilisikika moja kwa moja kutoka katika spika yake lenyewe jukwaani, na mitambo ya ukumbi ilibeba zaidi sauti za waimbaji. Siku hizi mahafali, harusi na mikutano ya kwaya hufanyika aghalabu uwanjani, na utaratibu ule hautoshi. Hebu tuone sababu yake.

Uzi mzito wa gitaa la besi la nyuzi nne hutetema mara 41.2 kwa sekunde, yaani hezi 41.2. Sauti husafiri kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde katika hewa yenye joto la nyuzi 20. Kwa hiyo urefu wa wimbi lake ni 343 ÷ 41.2, yaani mita 8.3. Wimbi refu kiasi hicho halielekezwi upande mmoja na spika ndogo. Huenea pande zote na kuzunguka vizuizi. Aidha, mahali pa wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka mara 2, kanieneo ya sauti hupungua kwa nusu.

Tuseme mpiga besi amesimama mita 2 kutoka kwenye spika yake, na mzazi amekaa mita 32. Umbali umeongezeka mara 2 kwa hatua nne: 4, 8, 16, 32. Ili mzazi asikie kama asikiavyo mpigaji, nguvu ya amplifaya ingehitaji kuongezwa mara 256. Amplifaya ya wati 100 ingebidi iwe ya wati 25,600, na mpigaji mwenyewe angeziba masikio. Ndiyo maana tunachukua nakala ya ishara kutoka amplifaya ya besi, tunaipeleka kwenye mikisa, na mikisa inaipeleka kwenye spika za uwanjani. Njia ya kuitoa nakala hiyo ni tundu lililo nyuma au mbele ya amplifaya, ambalo huandikwa LINE OUT au DI. Hapa tutaliita tundu la laini.

Viwango vya volti

Si matundu yote hutoa volti sawa. Msomaji na ayatofautishe haya manne:

1. Maikrofoni inayotumiwa na msemaji hutoa elfu chache za volti, mathalani volti 0.005.
2. Gitaa la besi lenyewe hutoa takriban volti 0.1 hadi 0.3, na huzidi hapo kwa kitambo kidogo uzi unapopigwa kwa nguvu.
3. Tundu la laini katika vyombo vya kitaalamu hukusudiwa kutoa volti 1.23 hivi.
4. Tundu la spika hutoa makumi ya volti. Kwa kanuni ya P = V²/R, amplifaya inayotoa wati 100 katika spika ya omu 8 hutoa √(100 × 8), yaani volti 28.3.

Tukilinganisha la kwanza na la mwisho, tunaona tofauti ya zaidi ya mara 5,000. Kwa sababu hiyo kamwe tundu la spika lisiunganishwe na mikisa, hata kama plagi inaingia bila shida. Plagi kuingia si ushahidi kwamba viwango vinalingana.

Pengine mwanafunzi atauliza: kwa nini tusilipeleke gitaa moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la mikisa? Jibu limo katika ukinzani. Koili za gitaa la kawaida lisilo na betri zina ukinzani wa ndani wa omu 10,000 hivi, kwa kukadiria. Tundu la maikrofoni lina omu 2,000 hivi. Volti hugawanyika kati ya ukinzani huo miwili, na mikisa hupata 2,000 ÷ 12,000, yaani sehemu moja tu ya sita. Amplifaya ya besi ina omu 1,000,000 mlangoni mwake, hivyo hupokea asilimia 99 ya volti za gitaa. Kisha tundu lake la laini, lenye ukinzani mdogo wa mathalani omu 200, huipa mikisa 2,000 ÷ 2,200, yaani asilimia 91. Kazi ya kwanza ya amplifaya, basi, ni kulipokea gitaa bila kulinyonya.

Desibeli

Kwa kuwa viwango hivi hutofautiana kwa maelfu, wahandisi wa simu wa Marekani walianza katika miaka ya 1920 kutumia kipimo cha logarithimu kiitwacho desibeli. Kwa volti mbili V₁ na V₂, tofauti ya desibeli ni:

20 × log (V₂ ÷ V₁)

Kutokana na kanuni hii tunapata mambo mawili yafaayo kukaririwa. Volti zikiongezeka mara 2, ni ongezeko la desibeli 6. Zikiongezeka mara 10, ni ongezeko la desibeli 20. Volti zinapozidishana, desibeli hujumlishwa tu, na hiyo ndiyo faida yake.

Desibeli peke yake ni ulinganisho, si kiasi. Ili iwe kiasi lazima tukubaliane mahali pa kuanzia. Mafundi wa sauti walichagua volti zinazotoa elfu moja ya wati katika ukinzani wa omu 600, yaani √(0.001 × 600) = volti 0.775, na kipimo kinachoanzia hapo huandikwa dBu. Kiwango cha laini cha kitaalamu ni +4 dBu, na hiyo ndiyo volti 1.23 tuliyoitaja. Mikisa nyingi huweza kupokea hadi +22 dBu, yaani volti 9.8, kabla ya kushindwa. Tofauti ya desibeli 18 kati ya namba hizo mbili ni akiba. Haikuwekwa ili itumiwe kila wakati. Mpiga besi anapoupiga uzi kwa kidole gumba, ncha ya wimbi hupanda ghafla desibeli 10 na zaidi juu ya wastani, na akiba hiyo ndiyo inayoipokea.

Wimbi linapokatwa kichwa

Kila kifaa cha kukuza ishara hupata umeme wake kutoka kwenye chanzo chenye kikomo. Ndani ya mikisa nyingi chanzo hicho ni volti 15 hivi za chanya na 15 za hasi. Ishara haiwezi kupanda juu ya hapo. Ikilazimishwa, kilele cha wimbi husawazishwa kana kwamba kimekatwa kwa panga, na bonde lake vivyo hivyo.

Sasa turudi mahafalini. Njia ya mikisa iliyotumiwa kwa besi ndiyo iliyokuwa imetumiwa na maikrofoni ya mgeni rasmi. Kitufe chake cha GAIN kilikuwa kimeachwa pale pale, mahali pa kuikuza volti 0.005 hadi volti 1.23, yaani mara 246. Tundu la laini la amplifaya nalo lilikuwa limefunguliwa kabisa. Hata kama lilitoa volti 1.2 tu, mikisa ilikuwa inaamriwa itoe 1.2 × 246, karibu volti 300. Mikisa haina volti 300. Ilitoa zile chache ilizo nazo, na kukata zilizobaki.

Kitelezi cha mikisa, yaani kile kitufe kinachosukumwa juu na chini, kimewekwa baada ya hatua ya GAIN. Fundi alipokishusha, alilipunguza wimbi ambalo tayari lilikuwa limekatwa. Umbo lake halikubadilika. Ndiyo sababu sauti ilikuwa ndogo na bado imepasuka.

Kuna madhara mawili ya kukata wimbi. La kwanza ni la sikio. Wimbi laini la hezi 41 likikatwa sawasawa juu na chini huzaa mawimbi mapya ya hezi 123, 205, 287 na kuendelea, yaani mara 3, mara 5, mara 7 ya wimbi la asili. Hizo ndizo kokoto tulizozisikia. La pili ni la mfuko. Wimbi laini lenye kilele cha volti V hutoa katika ukinzani R nguvu ya V²/2R. Wimbi lililokatwa hadi likawa la mraba, kilele chake kikiwa kile kile, hutoa V²/R, yaani mara 2. Fundi alipopandisha mitambo yote, koili ya spika ilipokea joto jingi kuliko ilivyoundwa kustahimili, tena bila kupumzika. Hivyo ndivyo ilivyoungua.

Kwa nini kijana hakusaidia kitu?

Katika amplifaya nyingi za besi kuna swichi ndogo karibu na tundu la laini, iliyoandikwa PRE na POST. Ikiwa kwenye PRE, ishara huchukuliwa kabla ya vitufe vya kurekebisha sauti nzito na nyembamba, na kabla ya kitufe cha MASTER. Ikiwa kwenye POST, huchukuliwa baada ya vitufe vya kurekebisha. Ama kuhusu MASTER, baadhi ya amplifaya huichukua kabla yake na nyingine baada yake. Swichi ya kijana wetu ilikuwa kwenye PRE. Kitufe alichokizungusha kilikuwa MASTER. Alipunguza sauti ya spika yake ya jukwaani, na mikisa haikupata habari.

Kwa onyesho la jukwaani PRE ina faida kubwa: mpigaji anaweza kupandisha au kushusha sauti yake ya pale alipo bila kuvuruga kile wanachosikia wazazi. POST huchaguliwa pale bendi inapotaka wasikilizaji waipate ladha ileile ya besi aliyoichagua mpigaji. Katika hali zote mbili, kabla ya onyesho fanyeni jaribio la dakika moja. Mpigaji apige noti moja, azungushe MASTER, na fundi atazame mshale au taa za kipimo cha mikisa. Zikibadilika, MASTER imo njiani. Zisipobadilika, haimo. Baada ya hapo hakuna atakayemlaumu mwenziwe.

Mvumo wa umeme

Tumeona hatari ya kiwango kikubwa mno. Je, si salama basi kukiweka kidogo kabisa? La. Kila waya na kila kifaa kina kelele yake ndogo. Ishara ikiwa hafifu njiani, mikisa italazimika kuikuza sana, na kelele itakuzwa pamoja nayo.

Adui mkubwa wa besi ni mvumo wa umeme. Mashine za Mtera na Kidatu, kama mashine zote zilizounganishwa katika gridi ya Taifa, huzalisha umeme unaogeuka mara 50 kwa sekunde. Noti ya G katika uzi mzito wa besi ni hezi 49.0. Mvumo wa hezi 50 ukiingia kwenye waya wakati noti hiyo inapigwa, mawimbi hayo mawili hukutana na kuachana, na sauti hupanda na kushuka mara 50 − 49, yaani mara 1 kila sekunde. Wanafunzi watatambua hapa mapigo waliyosoma katika mada ya mawimbi. Hakuna kitufe cha mikisa kinachoweza kuondoa hezi 50 na kuiacha hezi 49.

Kinga yake ni waya wenye nyaya mbili za ishara. Katika waya wa namna hii, mmoja hubeba nusu ya ishara, S/2, na mwingine hubeba −S/2. Mvumo n huingia katika zote mbili kwa kiasi sawa. Mikisa huutoa wa pili katika wa kwanza: (S/2 + n) − (−S/2 + n) = S. Mvumo umetoweka. Kama tundu la amplifaya si la aina hiyo, hutumiwa kisanduku kidogo cha DI. Ndani ya aina moja ya kisanduku hicho mna transfoma, ndugu mdogo wa ile ya nguzo za umeme barabarani. Ikiwa uwiano wa mizunguko yake ni 12 kwa 1, volti 1.2 zinazoingia hutoka zikiwa 0.1, kiasi kinachofaa zaidi tundu la maikrofoni la mikisa.

Wakati mwingine mvumo huletwa na vyombo viwili vilivyounganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti. Kisanduku cha DI na amplifaya nyingi huwa na swichi ya kukata waya wa ardhi wa ishara, itumieni hiyo. Wapo watu wanaong'oa au kukata waya wa ardhi wa plagi ya umeme ili kuondoa mvumo. Jambo hili limeua wanamuziki katika nchi mbalimbali. Mpigaji ameshika nyuzi za chuma kwa mikono miwili na mdomo wake uko karibu na maikrofoni ya chuma. Hitilafu ikitokea, njia ya umeme kwenda ardhini ni mwili wake. Mwalimu asiliruhusu hata mara moja.

Utaratibu wa kupanga viwango

Dereva wa lori hachagui gia katikati ya mlima Kitonga. Huchagua akiwa chini. Nasi hupanga viwango kuanzia chanzo, tukienda mbele kituo kwa kituo.

1. Unganisheni waya zote kabla ya kuwasha. Washeni mikisa, kisha amplifaya ya besi, na amplifaya za spika za uwanjani mwishoni. Wakati wa kuzima, anzeni na hizo za mwisho.

2. Mpigaji apige kwa nguvu ile ile atakayoitumia katika wimbo mkali kuliko yote. Asipige polepole kwa adabu, maana kipimo kitakuwa cha uongo. Pandisheni GAIN ya amplifaya mpaka taa ya onyo iwake kwa nadra kwenye noti kali, kisha ishusheni kidogo hadi isiwake.

3. Chagueni PRE au POST, na mfanye lile jaribio la dakika moja.

4. Kama tundu la laini lina kitufe chake, kiwekeni katikati. Kama halina, kiwango chake ni cha kudumu na kazi ya kupunguza itafanyika kwenye mikisa.

5. Katika mikisa, shusheni kitelezi na GAIN hadi chini. Tumieni tundu la laini ikiwa lipo. Kama lipo la maikrofoni tu, bonyezeni swichi ya PAD, ambayo aghalabu hupunguza desibeli 20. Zimeni volti 48 zinazopelekwa kwa maikrofoni za kondensa, isipokuwa kisanduku cha DI kinazihitaji. Si kila amplifaya inazistahimili.

6. Mpigaji apige tena. Pandisheni GAIN ya mikisa mpaka wastani wa kipimo ufike kwenye 0. Katika mikisa ya kidijiti, ambamo 0 ni kikomo chenyewe, wastani uwe karibu na −18, na vilele visizidi −6.

7. Sasa pandisheni kitelezi hadi alama yake ya 0, halafu mpange mizani ya besi na sauti za waimbaji. Kuanzia hapa, kazi ya kuongeza na kupunguza ni ya kitelezi.

8. Andikeni mahali pa kila kitufe. Njia ikibadilishwa matumizi, kwa mfano kutoka hotuba hadi besi, rudieni hatua ya 5 na ya 6. Ni nusu dakika.

Sauti ikipasuka katikati ya onyesho, fuateni njia hiyo hiyo kutoka mwanzo. Je, taa ya onyo ya amplifaya inawaka? Kama haiwaki, je, ya mikisa inawaka kwenye njia ya besi? Kama nayo haiwaki, tazameni amplifaya za spika. Kituo cha kwanza kinachoonyesha onyo ndicho chenye kosa, na hapo ndipo pa kupunguza.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na bendi inaweza kulifanya somo hili kwa kompyuta au simu yenye tundu la spika za masikioni, spika ndogo ya redio yenye amplifaya yake, na mita ya umeme ya kidijiti. Tumieni programu ya kutoa mlio wa hezi 100; mita nyingi za bei nafuu husoma vizuri masafa hayo. Wekeni mita kwenye volti za umeme geu, na mpime kati ya ncha na mwili wa plagi. Msifungue kifaa chochote kinachotumia umeme wa ukutani.

Pandisheni sauti hadi mita isome volti 0.10, kisha 0.20, kisha 0.40. Kama chombo chenu kinafika, ongezeni 0.80. Katika kila hatua sikilizeni spika na mjaze jedwali lenye safu tatu: volti, desibeli kutoka 0.10, na maoni ya sikio. Mtapata desibeli 0, 6, 12 na 18. Waulizeni wanafunzi iwapo ongezeko la mwisho lilionekana kubwa mara nne kuliko la kwanza, kama volti zinavyosema, au lilikaribiana nalo, kama desibeli zinavyosema. Mwishowe pandisheni amplifaya ya spika mpaka mlio ugeuke kutoka mvumo laini kuwa mlio mkali. Hapo wimbi limekatwa, na mnasikia hezi 300 ambazo hakuna aliyezitia.

Hatima ya kesi

Niliyarudia mambo haya mbele ya Mkuu wa Shule kwa vyombo vile vile, spika iliyosalia ikiwa imefunguliwa kidogo tu. Kijana alizungusha MASTER kutoka mwisho hadi mwanzo; kipimo cha mikisa hakikutikisika. Kisha tukashusha GAIN ya mikisa, tukabonyeza PAD, na besi ikasikika safi. Mkuu wa Shule alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba deni la spika ni la shule, si la mzazi. Tangu siku hiyo kijana ndiye anayepanga mitambo ya shule, na hatua zile nane zimebandikwa juu ya kifuniko cha mikisa kwa mwandiko wake.

Maswali ya kujipima

1. Amplifaya ya besi hutoa wati 200 katika spika ya omu 4. Tafuta volti za tundu la spika.
2. Kisanduku cha DI kina uwiano wa 12 kwa 1. Hupunguza ishara kwa desibeli ngapi?
3. Noti ya A ya besi ni hezi 55. Ikikutana na mvumo wa hezi 50, yatasikika mapigo mangapi kwa sekunde?
4. Fundi ameshusha kitelezi na sauti bado imepasuka, lakini taa ya onyo ya amplifaya ya besi haiwaki. Atazame wapi?

Majibu: 1. Volti 28.3. 2. Desibeli 21.6. 3. Mapigo 5. 4. GAIN ya njia ya besi katika mikisa, kwa kuwa iko kabla ya kitelezi.